Majani ya Chini

Kituoni kwetu kuna sheria moja niliyoisimamia kwa miaka kumi na tisa: mpunga wa majaribio haupewi maji matamu. Ukisinyaa, uache usinyae. Ukifa, andika tarehe. Mama mmoja wa kibarua aliwahi kuuonea huruma, akaongeza nusu kikombe cha maji ya bomba kwenye kopo moja, na mimi ndiye niliyekwenda kumshtaki kwa mkuu wa kituo. Aliachishwa kazi siku hiyohiyo. Alipita mbele yangu na mfuko wake wa nguo, akaniambia Mungu ananiona. Nilimjibu kwamba ananiona mimi na makopo yangu yote, na yana chumvi sahihi. Ndivyo nilivyokuwa, sitaki kujipaka mafuta.

Kazi yangu ni kumwagilia. Watu wakisikia niko kwenye kituo cha utafiti hudhani navaa koti jeupe na kuchungulia vioo. Navaa mabuti ya mpira na kubeba ndoo. Asubuhi nakoroga chumvi kwenye pipa, natumbukiza kipimo, nasoma namba, naongeza maji au chumvi mpaka namba ikae panapotakiwa. Kisha nayamwaga maji hayo kwenye makopo ya mchanga yaliyopandwa mpunga, mstari kwa mstari, ndani ya banda la nailoni ambalo saa nne tu linakuwa limeshageuka tanuri. Chumvi ikishaingia zinahesabiwa siku ishirini na moja, halafu watafiti wanapita na karatasi. Mche mzima usio na doa hupewa alama moja, uliokufa hupewa tisa, na ile ya katikati ndiyo wanayobishania mpaka chakula kinapoa.

Mtafiti wa mpunga alikuwa mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu. Mama alitutoka yeye akiwa na miaka minane na mimi kumi na saba, na baba akabaki na shamba la umwagiliaji lililokuwa likigeuka jeupe mbele ya macho yetu. Maji ya mfereji yalikuwa na chumvi kidogo, isiyojulikana hata kwa ulimi. Lakini kila msimu jua lilinyonya maji na kuiacha chumvi, mpaka udongo ukafanya ukoko kama birika la zamani kwa ndani. Baba alisema tumerogwa. Mdogo wangu alichovya kidole kwenye udongo, akaonja, akasema ni chumvi tu. Alipata kofi kwa ujuaji huo. Baba alihama lile shamba, akafa akiamini jirani kamfanyia kitu, na mdogo wangu akaendelea kuonja udongo wa watu.

Mimi niliacha shule. Nilifanya vibarua vya kila aina mpaka nikapata ndoo ya kituoni. Wakati huo yeye alikuwa sekondari, na akitoka shule alikuja bandani, akapindua ndoo tupu, akakaa na kufanya hesabu zake huku mimi namwagilia. Akasoma mpaka vyuo vikaisha, kisha akarudi palepale kuwa bosi wangu. Wenzangu walinicheka hadi basi. Niliwaambia huyo nimemwogesha kwa mikono hii, siku nikianza kumwogopa nitawatangazia. Ofisini alinipa maagizo kwa karatasi. Nyumbani nilimtuma dukani na akaenda.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiozesha mipunga miwili, kama mume na mke. Mmoja ni wa zamani, una roho ngumu, unavumilia chumvi, lakini wali wake ni kama unatafuna kokoto. Mwingine ni mlaini na unanukia vizuri, ila ukitajiwa chumvi tu unakata roho. Aliwaozesha hao, akapanda watoto wao, akachagua, akapanda wajukuu, akachagua tena, maelfu kwa maelfu, mpaka akabakiwa na mmoja wenye namba ndefu ambayo sikuwahi kuishika kichwani. Sisi tuliuita Mkaidi. Wali wake ulikuwa mtamu, hilo tulishalijua. Lililobaki ni jaribio la mwisho la chumvi. Ukipata alama tatu au chini ya hapo, unakwenda kwa wakulima wenye mashamba meupe kama la baba. Ukizidi hapo, mbegu zinafungwa kwenye bahasha na kuwekwa kwenye friji pamoja na kazi za watu wengine waliokata tamaa.

Miche ya Mkaidi ilikuwa na siku kumi tangu kuota pale daktari alipotuita mimi na wifi yangu, mke wa mdogo wangu, akatuambia uvimbe wa mumewe ulikuwa kwenye ini na haukuwa wa kukatwa. Wifi aliuliza ni miezi mingapi. Daktari akasema tuhesabu kwa wiki. Mdogo wangu tulipomwambia hakulia. Aliomba kalenda. Alihesabu kwa kalamu, akaona kwamba siku ya ishirini na moja ya chumvi ingeangukia ndani ya wiki alizopewa, akanitazama kama mtu aliyepata nafasi ya mwisho kwenye basi.

"Dada, sitaki kitu kingine," alisema. "Nataka niijue alama ya Mkaidi."

Nilimwahidi. Nilimwambia ningeileta mimi mwenyewe, kwa miguu yangu.

Sasa nieleze chumvi inavyofanya kazi, maana bila hivyo huwezi kuujua ujinga wangu. Alinifundisha yeye, na nilikuwa nalijua somo kama jina langu. Chumvi humpiga mpunga mara mbili. Pigo la kwanza ni kiu. Mizizi imelowa chepechepe lakini haipati kunywa, kwa sababu chumvi imeyashika maji. Basi mche unasinyaa siku ileile, unafunga vitundu vya majani yake na kujikunyata. Asiyeelewa atasema umekufa. Pigo la pili linakuja polepole, baada ya siku kadhaa, nalo ni sumu yenyewe, ikipanda na maji kutoka mizizini. Mpunga dhaifu huiacha sumu isambae kila mahali, ukafa wote. Mpunga imara huzuia nyingi pale mlangoni, kwenye mizizi, na ile inayopenya huirundika kwenye majani ya chini, yale ya kizee. Majani hayo yanakuwa ya manjano, yanakauka, yanakufa. Jani changa la katikati linabaki safi. Kwa hiyo mpunga ulio kwenye chumvi ukiacha majani yake ya chini, usiulilie. Unafanya kazi yake.

Yote haya niliyajua. Siku ya kwanza ya chumvi Mkaidi alisinyaa, nikatazama pembeni. Siku ya nne niliingia bandani nikitokea hospitali. Usiku wa jana yake macho ya mdogo wangu yalikuwa yamebadilika, yamekuwa ya manjano, na wifi alikuwa amenionyesha kwa kunigusa mkono tu. Nilifika kwenye mstari wa Mkaidi, makopo kumi na mawili, nikakuta kwenye kila mche jani la chini limeanza manjano kwenye ncha.

Wenzangu walikuwa wamekwenda kula. Nilisimama pale na jagi, na kichwani nikamwona akiniuliza na mimi namjibu kwamba umekufa. Sikuweza. Nilifungua bomba, nikajaza jagi, nikamwagia kopo la kwanza maji matamu mpaka yakatokea chini kwenye matundu, yakiwa yamebeba chumvi yote iliyokuwamo. Kisha la pili. Nikamaliza yote kumi na mawili. Yale majani yaliyoanza manjano niliyachuma nikayatia mfukoni. Nilijiambia ni siku moja tu, uvute pumzi.

Ikawa kila siku. Asubuhi mbele ya watu natia chumvi, saa saba natoa chumvi. Kipimo cha maji yanayotoka chini ya makopo nilikisoma na kukiandika mimi, na nani angenishuku, mimi niliyemkosesha mwenzangu mkate kwa nusu kikombe? Siku ya kumi mpunga dhaifu, ule tunaoupanda ili kulinganishia, ulikuwa majani makavu. Ule wa zamani wenye roho ngumu ulikuwa umepoteza majani mawili mawili ya chini. Mkaidi alikuwa anapendeza kama bustani ya waziri. Wenzangu walipita wakitikisa vichwa kwa mshangao, wakasema mdogo wako kafanya maajabu, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuamini. Nilijiambia maji yangu yalikuwa msaada mdogo tu, Mkaidi angeshinda hata bila hayo. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji mwalimu.

Siku ya kumi na saba, Jumatatu, nilipiga picha kwa simu nikaenda nayo hospitali. Ahadi ilikuwa siku ya ishirini na moja, lakini alikuwa amelegea sana na niliogopa kuchelewa. Wifi alikuwa amekaa upande wa miguu akimkanda nyayo. Aliponiona akasema mke mkubwa amefika, mke mdogo akanyooshe mgongo; hivyo ndivyo tulivyozoea kuchokozana. Akatoka kutafuta chai. Nilimpa mdogo wangu simu, akaishika kwa mikono miwili, akaikuza picha kwa vidole.

Alitabasamu. Nitakuwa mwongo nikisema hakutabasamu. Kisha akaisogeza picha chini.

"Hii ni siku ya ngapi?"

"Ya kumi na saba."

"Majani ya chini yamekauka mangapi?"

"Hata moja," nilisema kwa majivuno, kama nimeulizwa ni wangapi wamefeli darasani.

 Aliiweka simu kifuani, kioo kikiangalia chini. Ndipo nami nikasikia nilichokisema. Hakuna mpunga duniani uliokaa kwenye chumvi ile siku kumi na saba bila kuacha jani. Mtoto wa mwaka wa kwanza angelijua hilo. Hata yule mama wa kibarua angelijua.

"Dada," alisema, "umeupa maji."

Nilikataa. Nilimwambia homa inamchezea, nikasema picha za simu haziaminiki, nikaitaja hata nailoni ya banda. Aliniacha niseme yote mpaka yakaisha. Alikuwa hivyo tangu utotoni. Ukimdanganya hakubishi, anakusubiri. Mwishowe nikakaa kwenye kiti cha wifi na kumwambia kila kitu, jagi, bomba, saa saba, majani ya mfukoni.

"Umenionea huruma mimi," alisema, "ukaumwagia mpunga."

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nilikuwa nikiisema methali hiyo kila nilipomchapa kwa ajili ya kutokwenda shule. Nilikuwa nimechelea kilio chake, na siku ile mimi ndiye niliyelia kama mjinga. Nilimwambia bado kuna siku nne, nitaimwagia miche ileile chumvi tupu, mara mbili kwa siku, atapata alama yake. Akatikisa kichwa. Miche ile ilikuwa imeshakua na kukomaa, umri wake wa kuumizwa umepita, isingemwambia mtu chochote cha kweli. Nilijua hata hilo. Nikamwambia mbegu zimebaki, zinatosha jaribio moja, naanza kesho.

Aliunyoosha mkono juu ya shuka na kuhesabu kwa vidole, taratibu, kama alivyokuwa akihesabu juu ya ndoo.

"Kuotesha siku mbili. Kukuza kumi na nne. Chumvi ishirini na moja. Thelathini na saba." Akautazama ule mkono. "Sina, dada."

Nilitamani anitukane. Nilikuwa na haki ya kutukanwa na yeye alikuwa na haki ya kutukana, na angenitukana ningepata pa kushika. Badala yake aliniambia nianze hata hivyo, na safari hiyo nikiingia bandani huruma niiache mlangoni pamoja na viatu. Wifi akarudi na chai. Alimwuliza mumewe Mkaidi anaendeleaje, na yeye akamjibu kwamba anaendelea vizuri sana. Kisha akageukia ukutani.

Kesho yake, baada ya kulowesha mbegu, nilikwenda kwa mkuu wa kituo nikaeleza. Ni mama wa maneno machache. Aliniuliza kama nalikumbuka jina la yule kibarua wa nusu kikombe. Nililikumbuka. Akasema jaribio limefutwa, la pili nitalimwagilia mimi kwa sababu mdogo wangu amepiga simu kuomba hivyo, na kipimo atakisoma yeye mkuu mwenyewe kila jioni. Siku ya thelathini na nane nikabidhi mabuti.  Yale makopo kumi na mawili nilipewa niyang'oe mwenyewe, na mizizi yake ilikuwa myeupe na yenye afya mpaka nikaona aibu kuishika.

Mdogo wangu alifariki Jumatano ya wiki iliyofuata, mchana, wifi akiwa anamkata kucha. Miche mipya ilikuwa na urefu wa kidole na ilikuwa bado haijaonja chumvi. Tulimzika Alhamisi. Ijumaa nilikuwa bandani, kwa sababu alisema nianze hata hivyo, na sikuwa na jambo lingine lolote ambalo angeweza kunituma.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Ilipofika siku ya kutia chumvi, nilikuwa namwombea Mkaidi afe. Nilikoroga pipa, nikapima, nikamwaga, na midomo yangu ilikuwa ikisema kufa, kufa. Akifa, basi sikumwibia mdogo wangu kitu. Akifa, basi nilimkinga na habari mbaya, nilimfichia kushindwa kwake, na jagi langu lilikuwa jagi la dada mwenye huruma na si la mwizi. Niliitaka alama ya tisa kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Miaka kumi na moja ya kazi yake nilikuwa tayari kuitupa jalalani ili mimi nipate usingizi.

Siku ya kwanza akasinyaa, nikapumua. Siku ya tano majani ya chini yakaanza manjano, nikayaacha, nikayatazama kila asubuhi yakikauka kutoka ncha kuja shinani, na moyo ukawa mwepesi. Siku ya tisa kila mche ulikuwa umepoteza mawili, na mkuu wa kituo akainama kusoma kipimo, akaguna. Niliona tunaelekea kulekule ninakotaka. Mpunga dhaifu wa kulinganishia ulikuwa umeshalala.

Siku ya kumi na mbili nilipofika kopo la tatu niliona kitu katikati ya mche, chembamba, kimejisokota, kibichi. Nilijitia sikukiona. Nikaenda la nne, kikawepo. Nikaenda mpaka la kumi na mbili. Yale majani ya kizee yalikuwa yamening'inia makavu pande zote, yameibeba chumvi yote yaliyoweza kuibeba, na katikati kila mmoja alikuwa anafungua jani jipya. Niliweka ndoo chini nikakaa juu ya mchanga uliolowa, na mmoja wa wenzangu akaja mbio akidhani nimeanguka kwa joto.

Siku ya ishirini na moja mkuu wa kituo alikuja na watafiti wawili kutoka kituo kingine. Hawakubishana hata kidogo. Waliandika tatu kwa makopo kumi na moja, na moja likapata mbili. Wifi yangu alikuwa amealikwa kushuhudia. Alishika mdomo kwa mkono, akanikumbatia, akasema mdogo wako hakuhangaika bure, hata kama hakupata kujua. Yeye hakuwa ameambiwa chochote kuhusu maji yangu. Aliniuliza kama lile jaribio la kwanza lisingefutwa kwa hitilafu za kituo, majibu yangetoka lini.

Nilimwambia Ijumaa. Alihesabu mwenyewe, pale mbele yangu, kutoka Ijumaa ile mpaka Jumatano aliyofariki, akasema taratibu kwamba angekaa na furaha yake siku tano nzima. Nilimwambia ndiyo, wifi, tano. Kisha nikamshika mkono, nikamtoa bandani, nikamwambia hitilafu ile ilikuwa mimi.